Picha ya jani moja haitoshi

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa wasomaji, hili la mtu kutuma picha ya jani moja halafu anauliza "jamani huu mti unaitwaje" limezidi, na mimi mwenyewe nimelifanya. Nyumba tuliyohamia tulikuta mti bustanini, kila anayepita anasema mwarobaini huo, hata programu ya simu ikasema mwarobaini, tukakubali yakaisha.

Siku moja nikashika tawi nikalifuata taratibu. Wengi hatujui jani linaanzia wapi! Tafuta jicho, kale kachipukizi kanakokaa kwenye kona ya kikonyo na tawi, hapo ndo jani linaanza, vile vijani vidogo vidogo vya mbele havina jicho kwa hiyo vyote ni vipande vya jani moja. Kwenye mwarobaini vipande vimeshikana na uti wa kati moja kwa moja, tena vina meno meno pembeni. Wangu sasa, uti unatoa kwanza vijiti vya pembeni, halafu vijiti ndo vinabeba vipande. Nikaanza kuingiwa na wasiwasi.

Nikageukia matunda. La mwarobaini limerefuka kidogo, ndani kwa kawaida mbegu moja. Yangu ni duara kama gololi, na majani yalivyopukutika matunda yakabaki yananing'inia. Nikakata moja, kisu kikagoma kwenye kokwa, nikaleta nyundo, ndani nikakuta vyumba vitano. Kumbe ni melia, ukoo mmoja na mwarobaini ila matunda yake ni sumu kwa binadamu, na wanangu siku zote hizo wanayaokota wanachezea, yaani nilitoka jasho.

Kwa hiyo mhariri, mkipokea swali la mti mwambieni mtu atume tawi zima jicho lionekane, jani mbele na nyuma, tunda zima na lililopasuliwa, na aseme kama likichumwa jani linatoa utomvu mweupe (asionje tu). Na nyie wa kujibu "chemsha unywe" kabla hata jina halijajulikana, punguzeni jamani.

Jirani bado anabisha. Nimemwambia tusubiri maua, ya mwarobaini ni meupe, ya melia yana uzambarau.

Msomaji wenu