Akina mama wanajua lishe, kinachokosekana ni chakula

Mhariri,

Kila udumavu wa watoto, yaani kuwa wafupi kuliko umri wao kwa lishe duni, unapozungumziwa hapa Kisumu, lawama humwangukia mama: hajui lishe, aelimishwe. Sikubaliani kabisa. Mchuuzi wa mboga pale soko la Kibuye atakutajia bila kusita vyakula anavyohimizwa kliniki ampe mtoto: yai, omena (dagaa), maharagwe, matunda. Lakini yeye hutoka mtaani Nyalenda alfajiri, mtoto akaachiwa jirani na chupa ya uji mwepesi wa mahindi usio na tone la maziwa. Hata omena, kitoweo cha mnyonge tangu jadi, sasa anagombaniwa na watengenezaji wa chakula cha kuku.

Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zilionyesha kuwa asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Katika familia maskini zaidi ni asilimia 28. Katika zile tajiri zaidi ni 9. Je, hiyo ni tofauti ya maarifa?

Tuna ushahidi wa karibu. Utafiti mkubwa uliofanyika Bungoma, Kakamega na Vihiga, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2018, uliwapa baadhi ya wanavijiji vyoo bora, klorini ya maji na mahali pa kunawia mikono. Wengine walipewa ushauri wa lishe pamoja na virutubisho vyenyewe, bila malipo. Vyoo na maji safi peke yake havikuongeza kimo cha watoto. Watoto waliopata virutubisho ndio walioongezeka kimo, ingawa kidogo. (Vyoo tunavihitaji bado, mtu asininukuu vibaya.)

Udumavu huanzia tumboni, na siku 1,000 za kwanza, tangu mimba hadi miaka miwili, zikipita, ni vigumu mno kuurekebisha. Tena hujificha: uzito waweza kuonekana sawa, watu wakasema mtoto karithi ufupi wa babake. Kila mtoto apimwe urefu, si uzito tu.

Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi. Kaunti huwatoza akina mama hawa ushuru sokoni. Naomba sehemu ya pesa hizo ijenge vituo vya kulelea watoto humo humo sokoni, mama apate kunyonyesha na mtoto apewe uji wenye maziwa na omena. Bajeti ijayo ikijadiliwa, wawakilishi wadi watuambie wametenga kiasi gani.

Mkazi wa Nyalenda,
Kisumu