Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mekanika ya Upumuaji, Maabara na Wodi

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba, nawasilisha taarifa ya mwaka unaomalizika. Semina zilifanyika, isipokuwa ile ya spirometria, yaani kipimo cha hewa mtu anayovuta na kutoa, iliyoahirishwa mara mbili. Jarida la ndani lilitoka, ingawa lilichelewa. Kamati ilikutana. Hayo mnayajua, sitawachosha.

Nije kwenye suala lililozua maneno mengi. Kamati iliamua, na pendekezo lilikuwa langu, kufuta vikao viwili vya wanamaabara na wanawodi na kubaki na kikao kimoja cha pamoja. Nimeitwa dikteta. Nalijibu hapa ili liingie kwenye kumbukumbu.

Wenzetu wa maabara wanadai wameshushwa hadhi, ilhali hoja yangu imejengwa juu ya kazi ya maabara. Mwaka 1974 Webb na Tierney walionyesha kwamba panya wakipumuliwa na mashine kwa presha ya sentimita 45 za maji, mapafu yao hujaa maji kwa muda mfupi. Mwaka 1988 Dreyfuss na wenzake wakafunga panya vifua na matumbo yasitanuke, wakapandisha presha kubwa vilevile, na mapafu yakanusurika. Kumbe kinachoumiza ni mapafu kutanuka kupita kiasi, si namba ya presha peke yake. Ndipo ukaja utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000: wagonjwa 861 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, pumzi ya mililita 6 kwa kila kilo ya uzito unaokadiriwa kwa urefu dhidi ya 12, vifo asilimia 31.0 dhidi ya 39.8. Kutoka kwa panya wa Webb hadi kwa mgonjwa ilichukua miaka 26. Anayetaka tuendelee kukaa vyumba tofauti anieleze faida yake.

Wanawodi nao walilalamika kwamba grafu za panya haziwasaidii zamu ya usiku. Nawakumbusha kikao cha kwanza cha pamoja. Mwenzetu alileta kisa cha mgonjwa wa mashine ya kupumulia ambaye presha yake ya kilele, yaani ya juu kabisa hewa ikiingia, ilifika sentimita 40 za maji, na nusu ya ukumbi wakasema mapafu yamekakamaa. Lakini hewa iliposimamishwa mwisho wa kuvuta pumzi, presha ilishuka hadi 22. Hewa ilikuwa ikiingia lita moja kwa sekunde, kwa hiyo ile tofauti ya 18 ilikuwa ukinzani wa njia ya hewa, si ugumu wa mapafu. Mrija ulikuwa umeziba kwa makohozi. Aliyepiga hesabu ile ubaoni ni kijana wa maabara asiyewahi kuhudumia mgonjwa. Waliokuwepo waliona wenyewe. Wanaopiga kelele zaidi hawakuwepo, na daftari la mahudhurio ninalo.

Na tukiwa hapo hapo: bado wapo wanaokadiria ujazo wa pumzi kwa uzito wa mizani badala ya urefu. Mtu hunenepa, mapafu yake hayanenepi. Nimelisema hili kila mwaka tangu nichaguliwe.

Mahudhurio, kwa kweli, ni aibu. Vikao viwili vilivunjika kwa kukosa akidi. Waliolipa ada ya mwaka hawafiki nusu, na miongoni mwa wadaiwa wamo walioomba barua za utambulisho kwa haraka, nami nikazisaini siku ileile. Kifaa cha kupima presha ya umio tulichoahidiana hakikununuliwa kwa sababu hiyo. Asije mtu akasema kamati imelala. Bila kifaa hicho tutaendelea kubahatisha ni kiasi gani cha presha kinachukuliwa na ukuta wa kifua na ni kiasi gani kinalemea mapafu yenyewe, hasa kwa wagonjwa wanene. Mhazini ataeleza zaidi, kama atafika.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kununua kifaa hicho, kurudisha semina ya spirometria na kuangalia uwezekano wa mafunzo kwa wauguzi. Kikao cha pamoja kitaendelea. Wenye pingamizi walilete kwa maandishi, wakiwa wamelipa ada.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti