Cheti cha ISO 26000 hakipo, na kwa nini bei yetu haishuki

Mteja mwingine katuambia sisi, washauri wa mazingira na jamii, tunamwibia. Kuna mtu kamwahidi "cheti cha ISO 26000" pamoja na mpango wa mazingira na jamii, vyote kwa wiki moja, kwa nusu ya bei yetu. Tunamjibu yeye na wengine wanaouliza hilo hilo.

ISO 26000, uliotoka mwaka 2010, ni mwongozo wa wajibu wa taasisi kwa jamii. ISO, shirika la kimataifa la viwango lililoutoa, limesema wazi kwamba hautolewi cheti, kwa hiyo anayekuuzia anakuuzia karatasi. Chenye cheti ni ISO 14001, kiwango cha mfumo wa kusimamia mazingira, na cheti hicho hutolewa na mkaguzi wa nje aliyeona kazi yako inavyokwenda, si na sisi tuliokuandalia mfumo.

Kinachotuumiza zaidi ni ripoti za kunakili. Shamba moja la mkonge upande wa Muheza lilituita baada ya mnunuzi wa singa, yaani nyuzi za mkonge, kuukataa mpango wao. Tukakuta ukurasa mzima wa vumbi la kusaga mawe. Kwenye mkonge! Korona, mashine inayotoa singa kwenye majani, haikutajwa hata mara moja, na tatizo lote liko hapo: singa ni kama asilimia 4 tu ya jani, kinachobaki ni makapi na maji machachu. Yakiachwa yafike mtoni yanamaliza oksijeni, samaki wanakufa, na wanaoteka maji huko chini ndio wanaokuja getini kwako. Pale Hale, wilayani Korogwe, makapi hayo hayo yamewahi kuzalisha biogesi na umeme. Aliyenakili angeyajulia wapi? Mwenye shamba akalipa kazi moja mara mbili.

Pesa yako inakwenda hapa. Tunachukua sampuli za maji juu na chini ya mfereji wa majitaka, masika na kiangazi, na maabara haipimi bure. Tunakaa na vibarua wanawake bila nyapara kuwepo, maana mbele yake hakuna atakayesema choo kimefungwa. Tunakagua mikataba, michango ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), usajili wa OSHA (wakala wa usalama na afya kazini). Glavu tunazihesabu mikononi mwa watu, si stoo. Kisha kila jambo linaandikiwa mhusika, tarehe na fungu lake la fedha.

Mwenye nyumba ya wageni Pangani aliona kukutana na majirani ni kupoteza pesa, akatuondolea siku hiyo kwenye mkataba. Shimo la maji taka likachimbwa karibu na kisima chao. Kulifukia na kuchimba jingine kulimgharimu kuliko ada yetu yote.

Wengine hutuita msingi umeshamwagwa zege. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka tathmini itangulie mradi, na hatuandiki tarehe ya nyuma kwa mtu yeyote.

Ukitaka kulinganisha bei, lete makadirio ya huyo mwingine ofisini. Tutayapitia nawe mstari kwa mstari, bila malipo, tukuoneshe siku za kufika eneo la kazi na vipimo vilivyoachwa.