Kila karani awe na akaunti yake kwenye hifadhidata

Mhariri,

Ombi letu ni kwa wakuu wa sacco, zahanati na shule za Kisumu na Nakuru zinazotunza rekodi kwenye MySQL, programu ya hifadhidata, kupitia phpMyAdmin, ukurasa wa kuisimamia kwenye kivinjari: komesheni mtindo wa ofisi nzima kuingia kwa akaunti ya root, ile kuu yenye ruhusa zote. Salio la mwanachama likibadilishwa usiku, kumbukumbu za seva, hata kama ziliwashwa, zitasema ni root. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 data ikidukuliwa na wenye data hiyo wakawa hatarini.

Kumfungulia mtu akaunti ni kazi ya dakika chache. Kwenye ukurasa wa akaunti za watumiaji, ongeza jina na nywila, na visanduku vya ruhusa za jumla usivitie alama hata kimoja. Ukivijaza, umempa karani seva nzima. Hifadhi, kisha rudi uchague hifadhidata anayoifanyia kazi tu. Karani wa kaunta anatosheka na SELECT (kusoma), INSERT (kuongeza) na pengine UPDATE (kubadilisha). Mkaguzi wa hesabu, SELECT peke yake.

Panapowatatiza wengi ni mahali mtumiaji anapoingilia. MySQL haimtambui mtu kwa jina tu: 'achieng'@'localhost' (anayeingilia kwenye seva yenyewe) na 'achieng'@'%' ni akaunti mbili, kila moja na nywila na ruhusa zake. Ndiyo sababu unabadilisha nywila leo na kesho mtu anaingia kwa ile ya zamani. Alama ya % hufungulia kompyuta yoyote ile, basi iondoeni, muandike anwani ya mashine inayounganishwa na MySQL (kwa phpMyAdmin ni seva inayoiendesha, si kompyuta ya karani), mfano 192.168.1.25.

Mtu akiacha kazi, msikimbilie kufuta akaunti yake. Ikiwa ripoti fulani ziliundwa kwa jina lake, zinaweza kugoma kwa kosa nambari 1449, kwa kuwa MySQL inamtafuta mwenye ripoti na hayupo tena. Ifungeni kwa amri ALTER USER 'achieng'@'192.168.1.25' ACCOUNT LOCK, iliyopo tangu toleo la 5.7.6. Amri hiyo haimtoi aliyekwisha kuingia. Tazameni orodha ya miunganisho iliyo hai na muikate iliyo yake.

Kila mwisho wa mwezi, linganisheni orodha ya akaunti na ya mishahara. Ukiondoa akaunti za mifumo yenyewe, jina lisilolipwa mshahara lifungwe siku iyo hiyo.

Wasimamizi wa hifadhidata,
Kisumu