Mafuta ya Rukwa na dizeli ya Uyole

Mwanangu Lusajo,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa na shangazi yako, naye akacheka akasema mtoto kaenda Dodoma kusomea mafuta kawa mwanasiasa. Unasema nchi ikichimba mafuta yake, iwe Rukwa, Kyela au Eyasi, tutaacha kuwategemea Waarabu na dizeli itashuka hapa Uyole. Kwenye simu huwa unanikatiza kabla sijafika kati, kwa hiyo nimeamua kuandika.

Nianze na bomba la TAZAMA, la mafuta kutoka kwetu kwenda Zambia. Babu yako alikuwa kibarua wa kuchimba mtaro wake, na mpaka anafariki alikuwa anajua kila mahali linapokata kona. Ian Smith, mkuu wa walowezi, alipojitangazia uhuru wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) mwaka 1965, Zambia ikakatiwa mafuta yaliyokuwa yakipitia kusini. Ikabidi yaletwe kwa malori, mapipa yamepangwa mgongoni, kwenye barabara hii hii yetu ambayo wakati huo ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Mwaka 1968 bomba likakamilika, kilomita 1,710 kutoka Kigamboni hadi Ndola, na baadaye wakajenga na kiwanda chao cha kusafishia, Indeni. Sasa jiulize, Zambia ilijitegemea? Iliacha kumtegemea Smith, basi. Mafuta yaliendelea kununuliwa ng'ambo, na bei ilipopaa mwaka 1973 ilipaa na kwao. Tangu 2023 bomba lile linabeba dizeli iliyokwisha kusafishwa, kwa sababu waliona hiyo ndiyo nafuu.

Utaniambia bomba si kisima. Haya, visima. Amoco, kampuni ya mafuta ya Marekani, walikuja bonde la Rukwa miaka ya themanini, na mwaka 1987 wakatoboa viwili, Ivuna na Galula. Havikutoa mafuta ya kuuza. Kilichokuja kuwavutia watu huko miaka hii ni heliamu, gesi ambayo huwezi hata kuwashia kibatari. Sisemi hakuna mafuta nchini. Utafutaji ndiyo kazi unayoisomea, na siwezi kukukatisha tamaa ilhali nalipa ada. Nasema tu kwamba unapanga matumizi ya mshahara kabla ya kuajiriwa.

Tuseme yamepatikana. Waganda walipata ya kwao Ziwa Albert mwaka 2006. Uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ulitangazwa Februari 2022, miaka 16 baadaye, maana mafuta yale yana nta, yakipoa yanaganda, na bomba la kuyafikisha Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, inabidi lipashwe moto njia nzima. Fedha za kazi hiyo zinatoka kwa wawekezaji, wakubwa wakiwa Wafaransa na Wachina, na mwekezaji akianza kuchimba hurudisha kwanza gharama zake ndipo mnagawana kinachobaki. Mikataba ya mafuta ndivyo inavyoandikwa, kwetu pia. Hayo unayajua kuliko mimi, nakukumbusha tu kwa sababu kwenye ujumbe wako hukuyagusa.

Halafu yasafishwe wapi? TIPER ya Kigamboni ilikuwa inasafisha, tulikuwa tukiwafundisha watoto darasani kama fahari ya taifa. Leo ni matanki ya kuhifadhia. Nigeria imechimba tangu miaka ya hamsini, imo ndani ya OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta, na kwa miaka mingi ilikuwa inauza mafuta ghafi na kununua petroli kutoka nje, foleni kwenye sheli zake zikawa ndefu kuliko za kwetu. Serikali yao ikawa inalipia ruzuku ili bei isipande. Wajanja wakawa wanaivusha petroli ya bei rahisi kwenda kuiuza nchi jirani. Mwaka 2023 ruzuku ikaondolewa, bei ikaruka mara mbili na zaidi.

Lakini hebu tuje kwenye bei, kwa sababu ndiyo inayonigusa mimi msafirisha viazi. Gunia la viazi la kutoka Isyonje limeshakula dizeli mara mbili kabla halijafika Dar: ya Fuso inayolitoa shambani kwenye utelezi, na ya semi inayoteremka Kitonga kwa breki. Dizeli ikipanda, mwenye gari anapandisha nauli ya gunia siku hiyo hiyo. Mnunuzi wa Dar haongezi hata senti. Kinachobaki ni kumbana mkulima, na mkulima naye anadai lumbesa, gunia la kujazwa kupita kipimo, ndiyo inayomwua. Na kabla ya bei mpya kutoka, ikinusika kwamba itapanda, kuna sheli moja hapa, siitaji, ambayo pampu zake zote huharibika kwa pamoja Jumatatu jioni na kupona zenyewe Jumatano asubuhi.

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, inatangaza bei kikomo. Lisome lile tangazo usiishie kwenye jedwali. Bei inaanzia kwenye mafuta yaliyosafishwa katika soko la dunia, inakuja gharama ya kuyaleta, thamani ya dola, kodi na tozo, faida ya wauzaji, kisha usafiri kutoka bandarini hadi kwetu. Hakuna mstari unaouliza yalichimbwa nchi gani. Mafuta yanapandishwa melini na kwenda kwa anayelipa, kwa hiyo hata yakitoka Rukwa, mwenye nayo atataka bei ile ile anayoipata baharini. Na serikali ikimlazimisha kuyauza chini ya hapo, tofauti hiyo inatoka mfukoni mwa taifa.

Wamarekani ndio wangetufundisha hili. Novemba 1973 Rais Nixon aliwaahidi kwamba kufikia 1980 hawatategemea nishati ya nje. 1980 ikafika, ikapita. Baadaye wakajua kupasua miamba ya chini ili itoe mafuta, wakawa wachimbaji wakubwa kuliko wote duniani. Na bado Juni 2022, vita ya Ukraine ikiwa na miezi michache, wastani wa bei ya petroli kwao ulipita dola 5 kwa galoni, rekodi. Bado pia wanaagiza mafuta, kwa sababu viwanda vyao vingi vilijengwa kusafisha mafuta mazito wakati yao mapya ni mepesi. Ikiwa wao, kwa visima vyote vile, hawakuikwepa bei ya dunia, sisi wa kisima kimoja cha Eyasi tutaikwepa vipi?

Sasa angalia gesi, maana hapo nakubaliana nawe nusu. Songo Songo iligunduliwa 1974, ikakaa miaka 30 ardhini, na tangu 2004 inatuzalishia umeme. Imetufaa kuliko mafuta yoyote ya kufikirika, na sababu yake ni hii: haina njia ya kutoka. Bomba lake linaishia kwetu, kwa hiyo bei yake tunaipanga humu ndani. Ile ya bahari kuu inayotajwa kuwa futi za ujazo trilioni 47 ni hadithi nyingine. Ikishapozwa Lindi mpaka iwe kimiminika na kupakiwa melini, itapata bei ya dunia kama mafuta.

Maji nayo hayapakiwi melini. Mto Ruaha Mkuu unaokusanya maji yake Usangu, hapa chini yetu, unazungusha mitambo ya Mtera na Kidatu, kisha unaingia Rufiji kwenda kwenye lile bwawa la Nyerere la megawati 2,115. Mifugo na mashamba ya mpunga ya Ihefu, ardhi oevu ya huko Usangu, yanatunyang'anya nishati kuliko OPEC, lakini sijasikia kijana akitoa ujumbe wa sauti kuhusu Ihefu. Kwa Fuso yangu umeme hauwezi kitu leo, hilo najua. Ila viazi vikipanda treni ya TAZARA iliyo nzima, inayofika kwa wakati, dizeli ya kila gunia itapungua sana, na hakuna kisima kinachohitajika kwa hilo.

Yakipatikana, yachimbwe. Itakuwa fedha ya kigeni, mrabaha na ajira, pengine na yako. Ila ukija likizo na hoja yako ile ile, njoo na majibu: yatasafishwa wapi, kwa hela ya nani, na mkataba unampa nani mapipa ya mwanzo.

Nimetuma kiroba cha viazi na ndizi kwa basi la kesho, ukapokee stendi ya Nane Nane kabla kondakta hajavitafutia mwenyewe. Hela ya hosteli itaingia Ijumaa.

Mama yako