Andikeni mfupa, msiandike mguu tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na watumishi wenzangu wa afya hapa Dodoma kuhusu jambo ambalo nimekutana nalo kwa miaka yote niliyofanya kazi ya kutunza kumbukumbu za tiba, nalo ni namna tunavyoandika majeraha ya wayo, yaani sehemu ya mguu iliyo chini ya kifundo.

Sisi tukisema mguu, tunamaanisha kiungo kizima tangu nyonga hadi vidole. Mgonjwa akieleza kwamba amevunjika mguu hana kosa, kwani hayo ndiyo maneno yake ya kila siku. Kosa ni la tabibu anayeyachukua maneno hayo na kuyaweka kwenye faili kama yalivyo, ilhali katika uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 10, mfupa wa paja una msimbo wa S72, muundi pamoja na kifundo vina S82, na wayo una S92. Ndani ya S92 yenyewe, kisigino ni S92.0, talasi iliyo juu yake ni S92.1, metatasali, yaani mifupa mirefu ya katikati ya wayo, ni S92.3, kidole gumba ni S92.4 na vidole vingine ni S92.5. Ipo pia S92.9, ya wayo uliovunjika pasipo kutajwa mahali, na hiyo ndiyo tunayolazimika kuitumia kila tabibu anapoandika kwa mkato. Wayo mmoja una mifupa 26. Kuifunika yote kwa S92.9 wakati picha ya eksirei imo ndani ya faili hilohilo ni kumnyima mgonjwa haki yake.

Nasema hivi kwa uchungu. Mpwa wangu, fundi uashi, alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akatua kwa miguu yote miwili. Kituo cha kwanza kilimpa karatasi iliyoandikwa kwa wino wa bluu, "Amevunjika mguu wa kulia", basi. Nilipoiinua ile picha kuelekea dirishani, hata mimi nisiye daktari niliona kisigino kimebonyea. Laiti kisigino kingeandikwa, mtu angekumbuka kumkagua mgongo, kwa sababu anayetua kwa visigino kutoka juu hupokea kishindo kinachopanda hadi kiunoni. Siku ya nne, hospitali ya pili, daktari alimbonyeza kiuno, kijana akapiga kelele, na picha nyingine ikaonyesha pingili iliyopondeka. Hata fomu yake ya madai ilirudishwa, kwa kuwa picha ilisema kisigino na maandishi yakasema mguu.

Chanzo cha jeraha nacho huachwa wazi mara nyingi mno. Kuanguka kutoka jukwaani ni W12. Dereva au abiria wa pikipiki huingia kati ya V20 na V29, na mtembea kwa miguu aliyegongwa na pikipiki ni V02. Katika mji huu unaojengwa kila upande tangu Serikali ilipoanza kuhamia mwaka 2016, na wenye bodaboda kila kona, tutajuaje mafundi wangapi wanaumia majukwaani ikiwa sehemu hiyo ya fomu haijazwi?

Wapo wanaosema tusubiri toleo la 11 la uainishaji huo, lililoanza kutumika rasmi duniani Januari 1, 2022. Toleo hilo lina nafasi ya kueleza mengi zaidi, lakini haliwezi kueleza ambacho tabibu hakukiandika. Wamarekani katika toleo lao la 10 wameweka alama ya kulia na kushoto ndani ya msimbo. Sisi kwa S92 hatuna, hivyo upande usipoandikwa kwa maneno umepotea.

Ombi langu kwa matabibu ni kwamba waandike mfupa, upande, kama ngozi imetoboka, na kilichomuumiza mgonjwa. Na kwa watunza kumbukumbu wenzangu, tusikubali kubuni msimbo. Faili lirudi kwa aliyeliandika. Mwezi uliopita nilimrudishia daktari mmoja kijana faili lenye neno "mguu". Alitazama picha tena, akaandika: "Metatasali ya tano, kushoto, ngozi haijatoboka, amegongwa na bodaboda akivuka barabara." Haikufika dakika moja.

Mtunza kumbukumbu za tiba,
Nzuguni, Dodoma