Usipulize dawa asubuhi

Mbagala, Dar es Salaam

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo, na mama anakusalimu sana. Picha za maboga yako nimeziona: vitoto vinageuka njano, vinaoza kuanzia nchani, kisha vinadondoka. Unasema jirani yako hapo Chanika kakushauri upulize dawa. Tafadhali ngoja kwanza.

Kesho ingia shambani jua likichomoza. Mmea mmoja wa boga una maua dume na maua jike. Dume ana kikonyo kirefu chembamba, na katikati ana kijiti kilichojaa unga wa njano, ndiyo chavua yenyewe. Jike amekaa juu ya kiboga kidogo, ndiyo maana wengi hudhani tunda limeshashika. Bado! Sharti chavua itoke kwa dume imfikie jike, nayo ni nzito, inanata, upepo hauiwezi. Wanaoibeba ni nyuki. Ua jike hufunguka alfajiri, mchana limeshanyauka, na halifunguki tena. Nyuki wasipopita asubuhi hiyo, au wakipita wachache mno, kiboga kinakufa. Mimi nahisi shida yako ni hiyo, nyuki hawatoshi. Sasa ukipuliza asubuhi, si utawamaliza hata hao waliobaki?

Mahindi yanatosheka na upepo, na mpunga hujichavusha wenyewe. Lakini watafiti waliochapisha hesabu zao mwaka 2007 walipitia mazao makuu ya chakula 115 duniani, wakakuta 87 yanategemea wadudu na wanyama wengine kwa kiasi fulani. Yaani ugali tungepata, ila matango, matikiti na maembe yangekuwa ya shida.

Na lile dudu jeusi linalovuma na kutoboa boriti za banda, nakuomba usiliue. Ni nyuki. Pesheni ya njano, hii inayostawi huku Pwani, haizai kwa chavua yake yenyewe, inataka ya mmea mwingine. Ua lake ni pana na chavua inaning'inia juu. Nyuki wadogo hupita chini bila kuigusa, au huichukua wakaenda zao. Huyo mkubwa mgongo wake unaifikia. Mwekee gogo kavu pembeni ya uzio, atahamia huko.

Vipepeo nao wanabeba chavua, ingawa kwenye mazao yetu hawawafikii nyuki. Lakini nawapenda, na wanao wangewapenda zaidi wakijua wanakotoka. Waonyeshe majani ya mndimu: kale kanakofanana na kinyesi cha ndege ni kiwavi. Akikua anakuwa kijani, na ukimgusa anachomoza vipembe viwili vyenye harufu kali. Ndiye yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya njano. Mndimu wako mkubwa hautakufa kwa majani machache anayokula.

Kwa sasa fanya hivi: asubuhi chuma ua dume lililofunguka, ng'oa petali, kisha pakaza kile kijiti katikati ya ua jike. Fanya kwa maua mengi uwezavyo. Dawa ikikulazimu kabisa, iwe jioni, nyuki wamerudi kwao, na usiielekeze kwenye maua.

Nipigie uniambie vimeshika vingapi. Nikija huko nitataka na majani ya maboga ya kuunga kwa nazi.

Wako,
Rehema